Gesi za Kivu zifundishwe kwa vitendo

Kila siku maelfu ya watu huvuka kwa miguu kituo cha mpakani cha Petite Barrière, kati ya Gisenyi nchini Rwanda na Goma nchini Kongo, wamebeba nyanya, unga na samaki wadogo waitwao sambaza. Kusini mwa miji hiyo liko Ziwa Kivu, ambalo katika kina chake zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Kaskazini uko mlima wa volkano wa Nyiragongo, uliolipuka Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma wakakimbilia kwa wingi Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi. Pembezoni mwa Goma, kuelekea Sake, kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kutuama mabondeni. Wenyeji huiita mazuku, nayo imeua watoto, wapita njia na mifugo. Katika nchi ya namna hii, kumwacha mwanafunzi akariri majaribio ya gesi kwa ajili ya mtihani tu ni kumnyima elimu anayoihitaji kuliko wanafunzi wa mahali pengine pengi.

Aliyekariri hujua kwamba kaboni dayoksaidi huzima njiti inayowaka na hugeuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa. Aliyefanya jaribio hujua zaidi. Ameona kwamba nitrojeni nayo huzima njiti, kwa hiyo moto uliozimika haujataja jina la gesi yoyote. Maji ya chokaa ndiyo yanayoamua. Akiendelea kupitisha gesi, huona ule weupe ukififia na maji kurudi kuwa maangavu, kwa sababu chembe za kalsiamu kaboneti zimegeuka kuwa kampaundi inayoyeyuka. Mwenzake aliyechelewa kutazama angeapa kwamba gesi haikuwemo. Hujifunza pia kukagua usafi wa kitendanishi chake kwanza, maana maji ya chokaa yaliyoachwa wazi huanza kuchafuka kwa hewa ya kawaida kabla jaribio halijaanza. Tabia hiyo ya kuuliza, “Nimejuaje?”, haipatikani kwa kunakili ubaoni.

Somo la kutenganisha michanganyiko nalo lina mfano mkubwa papa hapa. Kuanzia miaka ya 1960 methani ya ziwa hili ilitumika kwa miongo kadhaa katika kiwanda cha bia cha Gisenyi, na mtambo wa KivuWatt huko Karongi umekuwa ukizalisha megawati 26 za umeme tangu 2016. Maji huvutwa kutoka kina cha mamia ya mita. Yakipanda, shinikizo hupungua na gesi hububujika. Kisha gesi huoshwa kwa maji: kaboni dayoksaidi, inayoyeyuka kwa wepesi zaidi, huondoka nayo, na methani hubaki kwa ajili ya injini. Kaboni dayoksaidi haiungui, hivyo usafi wa gesi ile ndio umeme wenyewe. Mwalimu gani angetafuta mfano mwingine?

Wapo watakaosema shule nyingi hazina maabara. Ni kweli, na serikali zinadaiwa maabara hizo. Lakini jaribio la maji ya chokaa linahitaji tu siki, magadi ya kuokea, chupa, mrija na chokaa iliyozimuliwa ya wajenzi: ikorogwe ndani ya maji, iachwe ituame usiku kucha, maji ya juu yachujwe. Hapo mwanafunzi ameshatenganisha mchanganyiko hata kabla ya kupima gesi. Chokaa huunguza macho, kwa hiyo mwalimu awepo na macho yakingwe. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kijana anaweza kujiona mtaalamu, akashuka bondeni na mshumaa kupima mazuku. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo inayonifanya nisisitize vitendo darasani. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka penye kaboni dayoksaidi ya kutosha kumlegeza mtu, na gesi hiyo, nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, humfikia mtoto kabla ya mtu mzima aliyesimama kando yake. Atakayeifahamu mipaka ya kipimo chake ndiye atakayekataa kushuka, na atamzuia mdogo wake.

Walimu wakuu wa Rubavu na wenzao wa Goma, wekeni jaribio hili kwenye ratiba ya muhula huu, na kila mwanafunzi alifanye mwenyewe.