Setilaiti za vijana zishuke hadi darasani

Tarehe 7 Novemba 2022, roketi iliyoruka kutoka Wallops, Marekani, ilibeba kisanduku kinachoweza kukaa kiganjani: PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda. Tarehe 2 Desemba ikaachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, pamoja na ile ya kwanza ya Zimbabwe. Walioiunda ni wahandisi vijana watatu wa Uganda waliokuwa masomoni katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini yafaa tuulize: mwanafunzi wa kidato cha pili kule Kotido au Kasese alipata nini?

Swali hili si la kubeza. Setilaiti za aina hii zilibuniwa kwa ajili ya wanafunzi. Mwaka 1999 maprofesa wawili wa California, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, waliona kuwa setilaiti kubwa huchukua miaka mingi kiasi kwamba mwanafunzi huhitimu kabla ya kuona kazi yake ikiruka. Wakapendekeza mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wenye uzito wa kilo moja hivi. Ndiyo njia iliyofuatwa na Chuo Kikuu cha All Nations cha Koforidua, Ghana, mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018. Rwanda nayo ilirusha yake mwaka 2019 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Tokyo.

Ubora wa kisanduku hiki kama mwalimu ni kwamba hakikubali kukariri. Ndani yake mna betri, paneli za sola, redio na kompyuta, na vyote vinategemeana. Kikishaachiwa, hakuna fundi wa kukifuata. Kwa hiyo wanafunzi hukitikisa, hukipasha joto, hukigandisha na kukijaribu tena na tena kabla hakijaondoka. Kijana aliyekwisha kuona betri yake ikishindwa kwenye baridi hatasahau tena somo la umeme. Linganisha na shule zetu nyingi, ambako kanuni ya Ohm huandikwa ubaoni na waya wenyewe hauonekani.

Wapo wanaosema kwamba nchi yenye upungufu wa madawati haina haja ya setilaiti. Hoja yao ina uzito, na jibu lake haliwezi kuwa fahari ya taifa peke yake. Setilaiti ndogo zinazoachiwa kutoka kituo kile hushuka taratibu, na baada ya mwaka mmoja au miwili hivi huungua hewani. Kama kilichobaki ni picha za sherehe tu, wakosoaji watakuwa wameshinda.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya somo hili haihitaji roketi. Nyingi ya setilaiti za wanafunzi hutuma mawimbi yao katika masafa ya redio za ridhaa, na yeyote anaweza kuyasikiliza. Antena hutengenezwa kwa mbao na vipande vya utepe wa chuma wa kupimia, ule wa mafundi seremala. Ukiongeza kipokezi kidogo na kompyuta moja, shule ina kituo chake. Setilaiti iliyo kilomita 400 juu huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na kila ipitapo husikika kwa dakika chache tu. Wanafunzi watakokotoa saa ya kuipata, na watasikia masafa yakibadilika inapokaribia na kuondoka, kama king'ora cha gari la wagonjwa linalopita barabarani. Hapo fizikia inaacha kuwa hadithi.

Hatua ya pili ni kifaa chenye ukubwa wa kopo la soda, ambacho wanafunzi wa sekondari katika nchi mbalimbali hukiunda na kukirusha kwa puto au roketi ndogo. Hushuka kwa parachuti huku kikituma vipimo vya joto na mgandamizo wa hewa. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 unawadai wanafunzi wafanye miradi ya vitendo. Mradi ndio huo.

Serikali haina budi basi kuweka sharti moja: kila shilingi inayopangiwa setilaiti ijayo iwe na fungu lake la shule za sekondari, kwa vifaa na kwa mafunzo ya walimu. Wahandisi tuliowapeleka ng'ambo wapewe muda na usafiri wa kuwafundisha walimu hao, na wasianzie Kampala.

Samaki mkunje angali mbichi. Tukingoja hadi chuo kikuu, wengi wenye vipaji watakuwa wamekwisha kuamini kwamba sayansi si yao, hasa wasichana wa vijijini.