Mche Ulioshika

Siku ya kupanda miti ni siku ya furaha shuleni. Wanafunzi waliojitolea hushika majembe, huimba, hupanda, kisha hurudi nyumbani. Je, baada ya miezi sita, ni nani arudiye kutazama?

Tukumbuke jambo la Nairobi. Tarehe 5 Juni 1977 Mama Wangari Maathai, aliyesomeshwa katika shule za Masista, alipanda miti saba pamoja na wenzake katika uwanja wa Kamukunji. Mingi ilikufa. Yeye hakukata tamaa, bali alijifunza. Wanawake wa chama chake, Green Belt Movement, walipewa fedha kidogo kwa kila mche, si ule uliopandwa tu, bali ule ulioshika mizizi. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Hapa kwetu Mabalako somo hilo latufaa. Mvule, ambao wafanya biashara ya mbao huuita kambala, huangushwa kwa saa chache. Kuupata mwingine mkubwa kwahitaji miaka 50 na zaidi. Tena mche wake ukipandwa peke yake juani, mdudu mdogo huyavimbisha majani machanga, nao hudumaa au hufa. Hustawi zaidi penye kivuli chepesi, katikati ya miti ya namna nyingine. Kakao nayo yapenda kivuli. Basi, shamba la kakao la wazazi lafaa kuupokea mche huo.

Lakini mzazi aweza kuuliza: Tangu mwaka 2014 mauaji yamewafukuza wengi wa upande wa Beni mashambani mwao, nani atakaa hapa miaka 50? Swali hilo si la kudharauliwa. Twajibu hivi tu: mivule tuliyoirithi ilipandwa na popo, walao matunda yake na kutawanya mbegu. Babu zetu waliiona ingali michanga, wakaiacha. Hawakujua ni nani angeirithi.

Kwa hiyo, mzazi, mwonyeshe mwanao mahali pa kupanda, ukamwahidi kwamba mti huo hutaukata. Nawe mwanafunzi, usihesabu miche uliyopanda. Hesabu iliyo hai baada ya viangazi viwili.