Uchaguzi Huanza Siku ya Fomu

Katika kata ya Shishiyu, wilayani Maswa, mwezi wa Novemba ni mwezi wa jembe. Mvua za kwanza zikishaanguka, mkulima wa pamba hana nafasi ya kungoja, kwani mbegu iliyochelewa ardhini ni hasara ya mwaka mzima. Ni katika majira hayo hayo ndipo wananchi wa vijijini wameitwa, mara tatu zilizopita, kuwachagua wenyeviti na wajumbe wa vijiji na vitongoji vyao: tarehe 14 Desemba 2014, tarehe 24 Novemba 2019 na tarehe 27 Novemba 2024. Pamoja na shughuli zote hizo, wananchi huitika. Baada ya uchaguzi wa 2024 Serikali ilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 86 ya watu waliojiandikisha nchini walipiga kura. Kwa hiyo wale wapendao kusema mjini kwamba mwanakijiji ni mzito wa kutimiza wajibu wake hawana ushahidi. Swali la haki ni jingine kabisa. Mkulima huyo aliyeacha jembe shambani akaenda kupanga foleni, alikuta majina mangapi kwenye karatasi ya kura?

Mahali pengi alikuta jina moja. Matokeo yaliyotangazwa yalionyesha kwamba Chama Cha Mapinduzi kilipata vijiji 12,150 kati ya 12,271 vilivyofanya uchaguzi. Tarakimu ya namna hiyo ina tafsiri mbili. Yawezekana kwamba chama hicho kinapendwa mno vijijini, na hakuna asiyejua kwamba mizizi yake huko ni mirefu. Yawezekana pia kwamba washindani wake hawakufika kwenye karatasi ya kura. Ubaya wa jina moja ni kwamba tarakimu yenyewe haiwezi kusema ni tafsiri ipi iliyo ya kweli. Hata mshindi anadhulumiwa hapo. Mwenyekiti wa kijiji aliyeingia madarakani bila mtu wa kushindana naye hajui kama watu wake wamemtaka au wamemvumilia, na siku atakapowaita kuchangia ujenzi wa darasa au kuchimba lambo ndipo atakapopata jibu.

Yafaa kukiri kwamba sheria imepiga hatua. Katika Uchaguzi Mkuu wa 2020 wabunge zaidi ya 20 walitangazwa kuwa wamepita bila kupingwa, na wananchi wa majimbo hayo hawakupewa hata karatasi ya kumpigia mbunge wao kura. Sheria ya uchaguzi iliyopitishwa mwaka 2024 iliifuta desturi hiyo kwa upande wa wabunge na madiwani, na mgombea aliyebaki peke yake sasa hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Vijijini nako utaratibu huo ulitumika mwaka huo huo. Ni jambo jema. Lakini hapana isiyo na jina la mtu mwingine pembeni yake ni neno la mtu aliyefungiwa mlango, na katika kijiji ambamo kila mtu anamjua mwenzake hadi idadi ya ng'ombe wake, si wengi watakaojisumbua kulisema.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba nchi hii ilikwisha kulitatua tatizo hilo hilo zamani, tena wakati ambapo sheria yenyewe iliruhusu chama kimoja tu. Mwaka 1965, Tanzania Bara ilipofanya uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, TANU iliona kwamba chama kimoja na mgombea mmoja vikikutana pamoja, mwananchi atabaki mtazamaji. Ikaamuliwa kwamba katika kila jimbo Halmashauri Kuu ya Taifa iteue wagombea wawili, wote wanachama, na mmoja apewe alama ya jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Walisimama jukwaa moja, wakazungumza kwa Kiswahili, wakakatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Matokeo yalikuwa mazito. Mawaziri na wabunge waliokuwa wamekalia viti vyao waliangushwa. Miongoni mwao alikuwa Waziri wa Fedha, Paul Bomani, ambaye jina lake katika Kanda ya Ziwa lilikuwa ni sawa na ushirika wa pamba wenyewe, kwani ndiye aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wakulima vilivyounda Victoria Federation mwaka 1955. Wapiga kura wa Mwanza walimheshimu, na wakamwangusha. Nchi haikuyumba kwa ajili hiyo.

Uchaguzi wa namna hiyo ulikuwa na mipaka yake, na haifai kuusifu kupita kiasi. Aliyechuja majina alikuwa Chama, na aliyekuwa nje ya Chama hakuwa na pa kusimama. Tena ule ushindani wa jembe na nyumba ulikuwa wa Bunge. Kijijini mambo yaliendelea vingine: baada ya sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikuja kuwa kawaida kwamba mwenyekiti wa tawi la Chama ndiye mwenyekiti wa kijiji. Mtu mmoja, kofia mbili. Kizazi kizima cha wanakijiji kilikua kikiamini kwamba uongozi wa kijiji ni jambo la tawi, nao wengine hupewa taarifa. Vyama vingi vilirejeshwa mwaka 1992, lakini mazoea ya miaka kumi na saba hayafutwi kwa saini ya siku moja.

Hata hivyo asiseme mtu kwamba kuchagua ni kitu kigeni kwa Wasukuma kilicholetwa na vyama. Katika desturi ya zamani vijana wa kijiji walimchagua wenyewe nsumba ntale, kiongozi wa kazi zao za pamoja shambani, na jembe lake lilipolegea walijua la kufanya. Ntemi naye, pamoja na utukufu wake wote, aliweza kuondolewa na wazee mvua zilipokataa. Wakoloni walilijua hilo vizuri. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1958 waliinyima TANU kibali cha kufanya kazi katika nchi ya Wasukuma, na mwaka 1958 walipojaribu kuwalazimisha watu wa Geita wakubali baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko ambalo hawakuliomba, wananchi walikataa kwa maelfu mpaka Serikali ya kikoloni ikarudi nyuma. Uchaguzi wa kura tatu ulioanza mwaka huo huo uliwafungia nje wakulima wengi, kwa kuwa mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo kilichotajwa. Mwenye jembe alitawaliwa na waliochaguliwa na wenye kalamu.

Siku hizi mwenye jembe ana kura. Kizingiti kimehamia kwenye fomu.

Kwa uchaguzi wa vijiji wa 2024, fomu za kugombea zilichukuliwa na kurudishwa kati ya tarehe 26 Oktoba na tarehe 1 Novemba, na uteuzi ukafanyika tarehe 8 Novemba. Baada ya hapo zilibaki siku chache tu za pingamizi na rufani, kisha kampeni za juma moja. Mgombea anatakiwa awe na umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika, awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe na chama hicho, na awe na shughuli halali ya kujipatia riziki. Masharti hayo yenyewe si mabaya. Lakini mwaka 2019 na tena mwaka 2024 vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao waliondolewa kwa wingi kwa sababu ya makosa ya kuandika: jina la chama lililofupishwa, kazi isiyojazwa sawasawa, na mengine ya namna hiyo. Mwaka 2019 malalamiko yalifikia hatua ambapo Chadema, ACT-Wazalendo na vyama vingine vilijitoa, na chama tawala kikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mkulima mwenye kuandika neno mkulima mahali palipotakiwa kilimo hajapungukiwa na sifa yoyote ya uongozi. Kumwondoa kwa kosa hilo ni kuwaadhibu majirani zake, ambao huenda walikwisha kuamua kumpa kura.

Tena anayeamua ni nani? Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 ulisimamiwa na wizara yenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ingawa sheria mpya ya Tume iliyopitishwa mwaka huo huo iliitaja kazi hiyo miongoni mwa majukumu ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Waziri ni mwanasiasa wa chama. Hata akiwa mwadilifu kama malaika, mshindani aliyeenguliwa atamtazama kama mchezaji aliyeshika filimbi.

Wapo watakaouliza kwa nini makelele yote haya kwa ajili ya cheo cha kijijini kisicho na gari wala mshahara mnono. Jibu liko katika ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi yote ya kijiji, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Katika mkoa kama Simiyu, ambamo watu walikuwa 1,584,157 mwaka 2012 na wakafikia 2,140,497 mwaka 2022, na ambamo kila familia inataka mahali pa pamba, pa mahindi na pa kulishia ng'ombe, hakuna ofisi iliyo karibu zaidi na riziki ya mtu kuliko ile ya kijiji. Mbunge yuko Dodoma. Mwenyekiti yuko pale pale mpakani mwa shamba.

Hilo linaeleza pia kwa nini kumfunga mgombea kwenye kamba ya chama ni jambo lenye mashaka zaidi kijijini kuliko popote. Mwaka 1960 mgombea wa kujitegemea, Herman Sarwatt, aliishinda TANU jimboni Mbulu, na Bunge likampokea. Leo hangeruhusiwa hata kuchukua fomu. Mchungaji Christopher Mtikila alilifikisha shauri hilo hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, nayo mwaka 2013 ikaamua kwamba katazo la mgombea binafsi linavunja haki za raia. Uamuzi huo haujatekelezwa. Mzee anayeaminiwa na kitongoji kizima kwa kusuluhisha ugomvi wa malisho, lakini asiyetaka kadi ya chama chochote, anaambiwa kwamba hekima yake haina fomu.

Wapiga kura wa sehemu hizi wamekwisha kuonyesha kwamba wakiwekewa majina zaidi ya moja wanajua kuyapima. Mwaka 2010, kabla mkoa wa Simiyu haujaundwa, Maswa Mashariki, Maswa Magharibi na Meatu zilikwenda Chadema, na Bariadi Mashariki ikabaki kwa John Cheyo wa UDP. Mwaka 2015 Maswa zote mbili zilirudi CCM. Hakuna mbingu iliyoanguka mara ya kwanza wala ya pili. Jambo moja wapiga kura hao bado hawajalizoea ni kumtuma mwanamke: kati ya majimbo saba ya mkoa, mwaka 2020 ni Meatu pekee iliyomchagua mwanamke, Leah Komanya, na hilo halihusiani na msimamizi yeyote wa uchaguzi. Ni vyama vyenyewe vinavyowatazama wanawake kama watu wa viti maalumu.

Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulionyesha kwa uchungu mahali inakoelekea njia ya majina machache. Chadema haikushiriki, baada ya kuondolewa kwa kutotia saini kanuni za maadili. Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa wilayani Meatu kwa miaka mingi na kisha akahamia ACT-Wazalendo kugombea urais, aliondolewa kwenye orodha. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. Siku ya kura zilizuka ghasia mijini, maisha ya raia yakapotea, amri ya kutotoka nje ikatolewa, na baadaye Rais akaunda tume ya kuchunguza. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC walisema uchaguzi huo haukufikia viwango vilivyokubaliwa na nchi za Afrika zenyewe. Waliosema hivyo hawakuwa wazungu wenye chuki.

Uchaguzi ujao wa vijiji unatazamiwa mwaka 2029, na kazi ya kuuandaa haipaswi kuanza mwezi mmoja kabla. Usimamizi wake ukabidhiwe Tume, na sheria inayosubiriwa itungwe mapema. Kanuni ziseme wazi kwamba kosa la kuandika halimwondoi mtu, bali hurudishiwa fomu yake na kupewa siku mbili za kuirekebisha, na kwamba sababu ya kumwondoa yeyote ibandikwe kwenye ubao wa kijiji ili majirani waisome. Tarehe nazo zitazamwe upya. Kwa mkulima wa Shishiyu mwezi wa Agosti, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa na deni la dukani kulipwa, ni bora mara kumi kuliko Novemba. Ana nafasi ya kuhudhuria mkutano wa kampeni, ana nauli ya kufuata rufani yake hadi Maswa mjini. Wananchi nao wakumbuke kwamba kadi ya mpiga kura waliyoandikishwa na Tume kwa Uchaguzi Mkuu haikuwatosha katika uchaguzi wa kijiji wa 2024, ambao ulikuwa na orodha yake iliyoandikwa kitongojini kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba.

Na kabla ya 2029 kuna mikutano mikuu ya kijiji, ambayo utaratibu unataka ifanyike kila miezi mitatu, na ambayo kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 ni mjumbe wake kamili, bila fomu, bila kadi ya chama, bila mdhamini. Mwenyekiti aliyeingia kwa jina moja atakuwa pale mbele pamoja na mtendaji wake, na daftari la mapato na matumizi likiwa mezani.