Mizani ya Sonara Haipimi Nakshi

Wiki chache zilizopita mama mmoja alitujia na swali ambalo tuliona halifai kujibiwa kwa maneno mawili. Alirithi kwa bibi yake bangili tatu za dhahabu, kazi ya mkono ya zamani, na alipobanwa na ada za shule akazipeleka kwa sonara. Sonara akaziweka mizanini, akataja gramu, akataja bei. Mama akauliza: na nakshi je? Akajibiwa kwamba nakshi huyeyuka. Akatuachia swali: je, ndivyo ilivyo duniani kote?

Jibu tumelitafuta Ufaransa, nchi ambayo mitindo yake ya vito imefuatwa na matajiri wa kila bara kwa karne kadhaa. Huko nako swali hilohilo lilizuka mwezi Oktoba 2025. Asubuhi ya Jumapili tarehe 19, wezi walipanda kwa ngazi ya gari hadi dirisha la jumba la makumbusho la Louvre, jijini Paris, na katika muda usiofika dakika nane wakaondoka na vito vinane vya malkia wa zamani. Taji la Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu, liliwaponyoka nje, likaokotwa limepondeka. Mwendesha mashtaka alitaja hasara ya Yuro milioni 88, kisha akaongeza jambo la maana: wezi hawatazipata fedha hizo iwapo watavibomoa vito na kuuza jiwe mojamoja. Mawe yana bei yake, na kazi iliyoyashika ina bei yake. Hiyo ya pili hufa siku pambo linapobomolewa.

Lakini wa kwanza kubomoa hawakuwa wezi. Hazina ya vito vya ufalme iliwekwa na Mfalme François wa Kwanza mwaka 1530, iwe mali ya dola na si ya mtu. Mawe yalitunzwa, mapambo hayakutunzwa. Tazama almasi iitwayo Régent, yenye uzito wa karati 140 hivi, iliyotoka katika migodi ya Golconda huko India. Mwaka 1722 ilikuwa kwenye taji la Louis wa Kumi na Tano. Baadaye ikawa kwenye upanga wa Napoleon wa Kwanza. Baadaye tena ikawa kichwani pa Eugénie. Jiwe ni lilelile, na kila mara sonara wa zama mpya alitengua kazi ya sonara wa zama zilizopita kwa sababu imepitwa na wakati. Wenye kudhani kwamba kubadili mitindo ni ugonjwa wa vijana wa leo wangetazama kumbukumbu za wafalme hao.

Kisha ukaja mwaka 1887. Jamhuri, ikihofu kwamba vito vingewatia watu hamu ya kumrudisha mfalme, ikavitia mnadani. Duka la Tiffany la New York lilinunua sehemu kubwa kuliko mnunuzi mwingine yeyote. Mapambo mengi yalivunjwa, mawe yakatiwa katika vidani vipya. Baadhi yalisalimika: pambo la kifuani la Eugénie, lenye umbo la fundo la utepe na almasi zaidi ya 2,000, lilikaa Marekani zaidi ya miaka mia moja mpaka Louvre ilipolinunua tena mwaka 2008 kwa mamilioni ya Yuro. Ni miongoni mwa vile vinane vilivyoibwa.

Miaka michache baada ya mnada huo akatokea fundi aliyeligeuza jambo hili juu chini. René Lalique, aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa amewachorea michoro masonara wakubwa wa Paris kabla ya kusimama mwenyewe. Alichoka na mapambo ambayo ni ghala la almasi tu. Akachukua pembe ya ng'ombe akaichonga vitana vya nywele, akachukua kioo, akachukua rangi za unga wa kioo zinazochomwa juu ya dhahabu mpaka zing'ae kama bawa la mdudu. Almasi aliitumia kama mpishi anavyotumia chumvi. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 watu walisongamana mbele ya kazi zake, na mtindo huo ukajulikana kama Art Nouveau. Tajiri Calouste Gulbenkian alinunua vipande vingi kutoka kwake mwenyewe, na leo vimo katika makumbusho yenye jina lake mjini Lisbon, akiwemo kereng'ende mkubwa mwenye kiwiliwili cha mwanamke na mabawa yanayokunjika. Sisi tunaona kwamba umaskini wa malighafi ndio uliovilinda. Nani atavunja kitana cha pembe ili auze vipande?

Mtindo wa Lalique haukudumu. Wateja walirudi kwa almasi, safari hii ndani ya platini, madini magumu yanayoweza kufuliwa membamba kama uzi bila kulegea, tena hayachakai rangi kama fedha. Hapo ndipo nyumba ya Cartier ilipotamba, na hapo ndipo habari inapotukaribia. Mwaka 1903 Paris ilikuwa na maonyesho ya sanaa za Waislamu, na Louis Cartier akawa mkusanyaji wa vitabu na picha ndogo za Iran na India. Nyota za vigae, ngazi za kuta za matofali, buluu na kijani vikikaa pamoja: hayo yote yakahamia kwenye vito vya nyumba yake, na kuchangia ule mtindo uliopata jina kutokana na maonyesho ya mwaka 1925, Art Deco. Mwanamke wa Paris alivaa kifuani nakshi ya mlango wa msikiti bila kujua.

Ndugu yake Jacques alisafiri mwaka 1912 hadi Bahrain kutafuta lulu. Siku hizo lulu ilishindana na almasi kwa bei. Ilitafutwa na wanaume walioshuka baharini na jiwe mguuni na kibanio puani, msimu baada ya msimu, wengi wakiwa na deni kwa nahodha lisiloisha. Miongoni mwao walikuwamo Waafrika waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu, na watoto wao. Majina yao hayakuandikwa kwenye kisanduku chochote cha vito.

Mwaka 1917 Cartier ilipata jumba la ghorofa katika barabara ya Fifth Avenue, New York, kwa kumpa mwenyewe, tajiri Morton Plant, mkufu wa lulu wa nyuzi mbili uliokadiriwa kuwa wa dola milioni moja. Mkewe alikuwa ameupenda mno. Kisha Wajapani wakaingiza sokoni lulu za kufugwa, uchumi wa dunia ukaanguka mwaka 1929, na bandari za Ghuba zikalia njaa. Mkufu ule ulipouzwa mwaka 1957 haukufikisha hata dola 200,000. Cartier ingali katika jumba hilo.

Kwa hiyo, mama, ndivyo ilivyo kote, na sonara wako hakukudhulumu: mizani haina pahala pa kuwekea nakshi, na bei ya lulu nayo haikuaminika. Anayelipa kazi ya mkono ni yule tu anayeitambua, naye huwa hayupo siku ya shida. Ametuarifu juzi kwamba bangili mbili ameziuza, ada zimelipwa, alhamdulillah. Ya tatu, yenye nakshi ya majani na jina la bibi kwa ndani, ameirudisha sandukuni.