Nani Akabidhiwe Ufunguo? Ngazi za Uaminifu katika Kazi za Lugha Mtandaoni

Mwaka 2025 ulifikiwa uamuzi wa kuifunga Wikipedia ya Kigrinlandi. Ombi la kuifunga halikutoka kwa mahasimu wa lugha hiyo, bali kwa mtu aliyekuwa akiitunza. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuikubali: sehemu kubwa ya makala ilikuwa imeandikwa na watu wasioijua lugha, na katika miaka ya karibuni mashine za kutafsiri zilikuwa zimeongeza makosa juu ya makosa. Lugha yenye wazungumzaji wasiozidi 60,000 ilikuwa na elezo ambayo wazungumzaji wenyewe hawakuiandika na wala wasingeitambua kuwa yao.

Miaka mitano kabla ya hapo, Agosti 2020, jambo la namna hiyo lilikuwa limeikumba Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jirani ya Kiingereza. Iligundulika kwamba makala zaidi ya 20,000 yalitungwa na kijana mmoja wa Marekani, aliyeanza kazi hiyo akiwa bado mtoto, asiyekizungumza Kiskoti. Alichukua sentensi za Kiingereza, akabadilisha maneno moja moja kwa msaada wa kamusi, akaacha sarufi ya Kiingereza mahali pake. Zaidi ya hayo, alikuwa msimamizi: alikuwa na uwezo wa kufuta kurasa na kuwazuia wachangiaji wengine. Alipotambulika alishambuliwa kwa matusi mengi mtandaoni, ingawa hakuna ushahidi kwamba alikuwa na nia mbaya. Aliipenda kazi, na mfumo ukamzawadia kwa bidii yake.

Hilo ndilo la kuzingatiwa. Katika mikasa yote miwili hakuna mwizi aliyeruka ukuta. Watu waliingia kwa mlango ulio wazi, wakapanda ngazi iliyowekwa, na kila walipopanda wakapewa ruhusa zaidi. Swali basi halihusu tu tabia za watu, bali pia namna ngazi yenyewe ilivyoundwa: inapima nini, inatoa nini, na nani anaweza kumteremsha aliyekwisha kuipanda.

Mifumo mingi ya kazi za pamoja mtandaoni hutumia hesabu. Katika Wikipedia ya Kiingereza, akaunti yenye umri wa siku 4 na masahihisho 10 huruhusiwa kuanzisha makala na kuhariri baadhi ya kurasa zilizolindwa. Ifikapo siku 30 na masahihisho 500, hufunguliwa kurasa zenye ulinzi mkali zaidi. Tovuti ya maswali na majibu ya Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008, hutumia alama zinazotokana na kura za watumiaji wenzake: alama 15 humpa mtu haki ya kupigia kura majibu ya wengine, 50 humruhusu kutoa maoni popote, 2,000 humruhusu kusahihisha maandishi ya wengine bila kusubiri idhini. Programu ya mijadala iitwayo Discourse ina ngazi tano, kuanzia sifuri hadi nne, na hapo kuna jambo la kuvutia: ili kupanda ngazi ya kwanza, mgeni huhesabiwa zaidi alivyosoma kuliko alivyoandika. Kwa kawaida hutakiwa kufungua mada 5, kusoma machapisho 30 na kutumia dakika 10 katika kusoma. Ngazi ya tatu, kwa upande wake, hupotea mtu akiacha kuhudhuria.

Waswahili walikuwa na kanuni ya aina hii kabla ya kompyuta: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa zaidi kumkumbusha mgeni asiwe mzigo, lakini ndani yake mna mpango kamili wa kumpokea mtu. Kwanza hupewa muda wa kuangalia, kisha hupewa kazi, na kazi yenyewe huwa ndiyo kipimo chake. Hata hivyo inafaa kuangalia kile ambacho methali haikusema. Siku ya tatu mgeni hupewa jembe. Hapewi ufunguo wa ghala. Jembe likitumiwa vibaya huharibu tuta moja, nalo hulimwa upya kesho yake. Ghala likifunguliwa na asiyejua, mbegu ya msimu ujao huliwa.

Kosa la ngazi nyingi za mtandaoni ni kuvichanganya vitu hivi viwili. Huhesabu siku za jembe, kisha hutoa ufunguo.

Chukua mfano wa Kiswahili. Mchangiaji mmoja anaona kwamba makala kadhaa yameandikwa na Wakenya na kutumia neno "tarakilishi". Yeye, aliyesoma Tanzania, amezoea "kompyuta". Anapita katika makala mia moja akibadilisha neno hilo, ukurasa baada ya ukurasa, na kuhifadhi kila badiliko. Mfumo unamhesabia masahihisho mia moja. Siku hiyohiyo mwalimu wa Mombasa anaketi jioni nzima akitunga makala moja juu ya majina ya pepo za bahari na misimu ya safari za majahazi, kwa msamiati ambao haupatikani katika kamusi nyingi. Anahifadhi mara moja. Mfumo unamhesabia sahihisho moja. Baada ya mwezi, wa kwanza ana haki ya kupita pale wa pili anapozuiwa, ilhali hakuongeza hata sentensi moja, na ugomvi wa tarakilishi na kompyuta haukuhitaji mshindi: yote mawili ni Kiswahili.

Mashine huhesabu kile inachokiona. Huona idadi, tarehe na kura. Haioni kwamba upatanisho wa ngeli umevunjika, kwamba sentensi ni ya Kiingereza iliyovikwa maneno ya Kiswahili, wala kwamba neno adimu limetumiwa mahali pake hasa. Katika lugha yenye wahariri maelfu upungufu huo hauleti madhara makubwa, kwa kuwa macho ya binadamu ni mengi na kosa halikai. Katika lugha yenye wahariri wachache, hesabu hubaki peke yake kuwa hakimu. Kiswahili kina wazungumzaji mamilioni mengi, lakini wanaokiandika kwa kujitolea katika kazi hizi ni wachache mno, na kwa jambo hili Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ipo karibu na Kiskoti na Kigrinlandi kuliko inavyodhaniwa.

Jibu linalomjia msomi haraka ni kudai vyeti: waruhusiwe wenye shahada. Jaribio hilo lilikwisha kufanywa. Nupedia, iliyoanzishwa mwaka 2000 kabla ya Wikipedia, ilitaka makala yaandikwe na wataalamu na kupita katika hatua saba za mapitio. Katika mwaka wake wa kwanza ilikamilisha makala takribani 20 tu, nayo ilifungwa mwaka 2003. Mlango mwembamba ulilinda ubora wa ghala lisilokuwa na nafaka. Kwa Kiswahili hatari ya vyeti ni kubwa zaidi, maana Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja kufuatia uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Jopo la wenye shahada likipewa mamlaka yote, msemaji wa Kiamu, wa Kimvita au wa Kiswahili cha Lubumbashi anaweza kukataliwa kwa kosa la kuzungumza kama alivyolelewa. Kipimo cha ujuzi kikitumiwa bila hadhari hugeuka kuwa kipimo cha ukoo wa lahaja.

Upo pia mkasa wa upande wa pili. Katika Wikipedia ya Kikroeshia, wasimamizi walikuwa wazungumzaji wa lugha bila shaka yoyote. Hata hivyo, ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na Wakfu wa Wikimedia ilieleza jinsi kundi dogo lenye mrengo wa kizalendo lilivyoshika nyadhifa kwa takribani muongo mmoja, likipotosha historia na kuwazuia waliolipinga. Hapa ujuzi wa lugha haukukosekana. Kilichokosekana ni njia ya kuurudisha ufunguo.

Mikasa hii ikisomwa pamoja, inadokeza kanuni tatu kwa yeyote anayeunda ngazi za namna hii kwa ajili ya kamusi, elezo au hazina ya istilahi.

Kanuni ya kwanza ni kupanga ruhusa kwa kutazama madhara. Kitendo kinachoweza kutenguliwa kwa dakika moja, kama kusahihisha herufi au kupendekeza mfano wa sentensi, kiwe wazi kwa wote. Kitendo kinachomnyima mwenzako sauti, kama kumzuia au kufuta kazi yake, kisitolewe na hesabu ya mashine hata kidogo. Kitolewe na watu, kwa mjadala ulio wazi. Kati ya hivyo viwili kuna njia ya wastani: Wikipedia ya Kijerumani tangu mwaka 2008 huyaacha mabadiliko ya wageni yasubiri jicho la mhariri mzoefu kabla ya msomaji wa kawaida kuyaona.

Kanuni ya pili ni kutenganisha ngazi ya bidii na ngazi ya lugha. Bidii ipimwe kwa hesabu, kwani hesabu inaiweza. Ujuzi wa lugha ushuhudiwe na watu: wasemaji wawili au watatu, ikiwezekana wa maeneo tofauti, wasome kazi ya mtu na kusema kwamba hiki ni Kiswahili, hata kama si Kiswahili cha nyumbani kwao. Tofauti za maeneo haya zinafaa kutambuliwa kuwa lahaja na si makosa, na asiyeweza kuzitofautisha asiwe mwamuzi.

Kanuni ya tatu ni muda. Mamlaka yasiyo na ukomo huzaa umiliki. Yakiwekewa mwaka mmoja au miwili, na kuhuishwa kwa ridhaa ya jumuiya, kumvua mtu cheo hakuhitaji tena vita wala fedheha, inatosha kutohuisha.

Kiswahili chenyewe kina maneno ya kulifikiria jambo hili kwa usahihi. Uaminifu ni sifa ya mtu. Imani ni kile wengine walicho nacho juu yake. Amana ni kitu kilichowekwa kwake, ambacho si chake na ambacho mwenyewe akikitaka hurudishiwa. Dhamana ni ahadi yenye mtu wa kuwajibika iwapo mambo yataharibika. Ngazi za mtandaoni hudai kupima uaminifu, jambo ambalo mashine haliwezi. Zingekuwa na unyenyekevu zaidi kama zingesema kwamba zinatoa amana, na zingekuwa salama zaidi kama kila amana ingekuwa na mdhamini.

Inafurahisha kwamba Wikipedia ya Kiswahili iliwaita wasimamizi wake wakabidhi. Kitenzi kabidhi kina asili ya Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni kushika. Katika Kiswahili kimebeba pande mbili, kushika kwa uangalifu na kutia mikononi mwa mwingine. Ndiyo maana Tanzania ina afisa aitwaye Kabidhi Wasii Mkuu, anayesimamia mirathi na mali zilizo chini ya udhamini. Mkabidhi ni mtu anayeshika kitu kwa niaba ya wengine akijua kwamba siku moja atakitoa. Neno hilo hilo limetumika pia kwa maana ya bahili, mtu aliyeshika akasahau kutoa, na maana hiyo ya pili ni onyo tosha.

Maandishi ya elezo hizi hayabaki pale yalipoandikwa. Mwanafunzi huyanakili katika insha, mfasiri huyatumia kutafuta istilahi, na programu za akili unde hulishwa hayo hayo kuwa kielelezo cha lugha. Sentensi mbovu iliyopitishwa leo na asiyejua hurudi kesho kupitia mashine ya kutafsiri, ikiwa na sura ya ushahidi, na mchangiaji mwingine huinakili kwa nia njema. Kwa Kigrinlandi mduara huo ulikwisha kufungwa, na dawa iliyobaki ilikuwa kufunga mlango. Kiswahili bado kina watu wa kutosha kuyasoma makala yake na kuyasahihisha, mradi wakubali kuwa miongoni mwa wanaohesabiwa.