Je, Televisheni Inatupangia Uzazi?

Mwezi huu tuzungumze juu ya mgeni anayeketi sebuleni kwetu kila jioni. Hapigi hodi, wala hatumwulizi amekuja kutufundisha nini. Mgeni huyo ni televisheni, na siku hizi ameingia hata katika simu za mkononi.

Tukisikia kwamba wanawake wa leo wanazaa watoto wachache kuliko mama zao, wengi wetu husema sababu ni shule, ugumu wa maisha na uzazi wa majira. Ni kweli. Lakini nchi ya Brazili inatuonyesha sababu nyingine ambayo wachache huifikiria, nayo ni tamthilia za jioni.

Mwaka 1960 mwanamke wa Brazili alizaa kwa wastani watoto 6. Kufikia mwaka 2000 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi watoto 2 na kidogo. Serikali yao haikuwalazimisha watu, kama ilivyofanyika China. Katika miaka hiyohiyo, kituo cha televisheni cha Globo, kilichoanza mwaka 1965, kilikuwa kikieneza matangazo yake eneo baada ya eneo, na tamthilia zake zikatazamwa na matajiri kwa maskini.

Wataalamu watatu wa uchumi, Eliana La Ferrara, Alberto Chong na Suzanne Duryea, walilichunguza jambo hili na kutoa matokeo yao mwaka 2012. Walilinganisha mwaka ambao matangazo ya Globo yalifika kila eneo na idadi ya watoto waliozaliwa huko. Waliona kwamba matangazo yalipofika, uzazi ulipungua, na ulipungua zaidi kwa wanawake wenye hali ya chini. Tena walizipitia tamthilia 115 za miaka ya 1965 hadi 1999. Kati ya kila wahusika wakuu 100 wa kike wenye umri chini ya miaka 50, 72 hawakuwa na mtoto hata mmoja, na 21 walikuwa na mtoto mmoja tu. Hata majina waliyopewa watoto wachanga yalifuata majina ya wahusika hao!

Hakuna aliyesimama mbele ya kamera akasema, "Zaeni wachache." Akina mama waliona tu, usiku baada ya usiku, nyumba nzuri yenye watu wachache, wakaanza kuitamani.

Wenye vituo hujali sana hesabu ya watazamaji. Kifaa kidogo hufungwa katika nyumba chache zilizochaguliwa, nacho huandika ni kituo gani kinatazamwa na kwa saa ngapi. Kutokana na nyumba hizo hukadiriwa nchi nzima, na bei ya matangazo ya biashara hupangwa. Katika simu mambo ni rahisi zaidi, kwa maana idadi ya waliotazama huandikwa chini ya video nyingi. Lakini hesabu hizo haziwezi kutuambia yule mama alipozima televisheni alikwenda kulala akiwaza nini juu ya nyumba yake.

Sisi wauguzi tunaona hatari moja hapa. Picha hutia hamu, lakini haitoi maarifa. Mwaka 1996 huko Brazili, kati ya kila wanawake 100 waliokuwa wakiishi na waume, 40 walikuwa wamefungwa kizazi. Sheria ya uzazi wa mpango ilipitishwa mwaka huohuo tu, wakati hamu ilikuwa imeshaingia majumbani siku nyingi. Kufunga kizazi ni njia nzuri kwa mama aliyeichagua akiwa ameelewa. Kwa yule ambaye hakuambiwa kwamba kuna njia nyingine, ni jambo la kusikitisha.

Hapa Tanzania tunao mfano wa namna nyingine. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa "Twende na Wakati". Wengi wetu tunamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu. Kwa makusudi, mitambo ya Dodoma haikuurusha mchezo huo hadi mwaka 1995, ili wataalamu waweze kulinganisha. Walikuta kwamba mahali mchezo uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka, na mume na mke walizungumza zaidi juu ya jambo hilo. Mazungumzo hayo ya nyumbani ndiyo yaliyoipa redio nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 4.8.

Leo kila mtu anatazama simu yake peke yake. Binti yako anaona mama aliyejifungua juzi na tumbo limeshakuwa bapa. Nani atamwambia kwamba mfuko wa uzazi huchukua wiki 6 hivi kurudi mahali pake? Mwingine anasikia kwamba sindano ya uzazi wa mpango humfanya mwanamke kuwa tasa. Nani atamweleza kwamba baada ya kuacha sindano uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa miezi kadhaa, lakini hurudi?

Basi tufanye nini?

Kwanza, tutazame pamoja na watoto wetu na tuwaulize maswali. Mama huyu wa kwenye tamthilia ana watoto wangapi? Nani anawalea akiwa kazini? Fedha zinatoka wapi? Mtoto aliyezoea kuuliza hadanganyiki upesi.

Pili, tuzungumze na baba watoto mapema, kabla mimba haijaingia. Tuchague saa ambayo hajachoka wala hana njaa.

Tatu, twende kliniki pamoja, na tuombe kuelezwa njia zote, si moja tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miaka 2 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mapumziko hayo yanaokoa maisha ya mama na ya mtoto.

Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mtunzi wa tamthilia hatakuja kutusaidia kulea, wala hatalipa ada ya shule. Kwa hiyo idadi ya watoto wa nyumba yako ipangwe na wewe na mumeo, kwa maarifa na kwa maombi, televisheni ikiwa imezimwa.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.