Si Kila Tumbo Ni Gesi

Kwani nani aliamua kwamba tumbo la mwanamke likivimba kuna majibu mawili tu, gesi au mimba? Ukiwa na miaka 25 utaulizwa mwenye mimba ni nani. Ukiwa na 55 utaambiwa upunguze maharagwe. Mtu wa duka la dawa pale mtaani atakupa ya vidonda vya tumbo, isiposaidia akupe ya amiba, halafu ya taifodi, na hapo miezi minne imeenda.

Watu huiita saratani ya ovari muuaji wa kimya. Jina hilo nalikataa, maana linatuondolea lawama. Inaongea. Tumbo linajaa na halipungui. Matonge mawili ya ugali, umeshiba. Chini ya kitovu panauma. Mkojo unakubana kila saa, hadi unaogopa kupanda matatu ya safari ndefu. Ndiyo, sote tumewahi kuvimbiwa. Lakini kama dalili hizi ni mpya kwako na zinarudi karibu kila siku kwa wiki tatu hivi, usikubali ziitwe gesi kabla hujachunguzwa.

Kampeni zetu nazo zinanikera. Wasichana wameambiwa wafanye kipimo cha Pap, wakafanya, wakatoka wakidhani huko chini kote kuko sawa. Kipimo hicho huangalia mlango wa kizazi. Ovari hakizioni! Mwenye dalili aombe daktari ampime, apigwe picha ya altrasaundi ya nyonga, atolewe damu ya CA-125. Na hata hiyo CA-125 inaweza kuonekana sawa saratani ikiwa bado changa, kwa hivyo majibu mazuri yasikufukuze hospitalini kama tumbo ni lilelile. Kuna mama, dada au shangazi aliyeugua saratani ya ovari au ya matiti? Sema kabla hujaulizwa. Upande wa baba pia unahesabika.

Halafu Wakenya tuna kipaji cha kufungua kikundi cha WhatsApp mtu akishafika ICU. Mbona tusifungue mapema, wakati mgonjwa anahitaji tu nauli, na mtu wa kukaa naye kwenye benchi aandike anachosema daktari? Ukishasikia neno saratani, mengine huyasikii. Hapa Nairobi kuna Faraja Cancer Support Trust, wana ushauri nasaha kwa wagonjwa na familia zao.

Na wewe wa duka la dawa, mama akirudi mara ya tatu na tumbo lilelile, usimuuzie kitu. Mwambie aende hospitali, leo.